Chumba cha michezo cha watoto nyumbani: anza na sakafu, midoli ije mwisho

Kabla hujatia mguu Kariakoo kutafuta midoli, fanya jambo moja. Vua viatu, piga magoti, uingie kwenye chumba unachotaka kukigeuza huku ukitambaa, kuanzia mlangoni mpaka pembe ya mwisho. Macho yako yawe kwenye kimo cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mimi nilipofanya hivyo hapa Tabata, kwenye chumba tulichokuwa tunakiita stoo, niliokota sindano ya cherehani, betri bapa ya rimoti, punje kadhaa za maharage na kifuniko cha kalamu. Halafu nikaona ncha ya msumari imechomoza chini ya meza ambayo nilikuwa naifuta vumbi kila siku kwa miaka 4. Chumba chenyewe nilikuwa nimekifagia asubuhi ile ile.

Tangu siku hiyo nimewasaidia dada zangu wawili na majirani kadhaa kuandaa sehemu za watoto, na kila mara naanzia hapo hapo chini. Wazazi wengi huanzia dukani. Wananunua gari linaloimba, nyumba ya plastiki, baiskeli ya magurudumu matatu, wanazijaza chumbani, na baada ya wiki mbili mtoto hana pa kukanyaga na hataki hata kimoja. Sakafu ndiyo chumba. Ukiipata sawa, mtoto atacheza na kifuniko cha sufuria akafurahi.

Hatua ya 1: Chagua mahali alipo mtu mzima

Usichague chumba kwa ukubwa wake. Jiulize kwanza: anayeshinda na watoto, awe wewe, bibi yao au dada wa kazi, saa 4 asubuhi huwa yuko wapi? Kwa nyumba nyingi za hapa mjini, jibu ni jikoni au uani kwenye mabeseni ya nguo. Basi watoto wacheze mahali ambapo mtu huyo akigeuza shingo anawaona, au walau anawasikia. Chumba kizuri kilicho mwisho wa korido kitabaki kizuri na kitupu, maana mtoto wa miaka 2 hataki kuwa mbali na sauti ya mtu wake. Atabeba gari lake aje kuliendesha miguuni pako, pembeni ya jiko, na hapo ndipo maji ya moto yalipo.

Kama umepanga chumba na sebule, haya yanakuhusu pia. Mita 2 kwa 2 zinatosha. Geuza kochi moja litazame upande wa pili ili mgongo wake utenge kona, tandika mkeka. Mkeka ukitandikwa, mchezo umefunguliwa, ukikunjwa, umefungwa. Watoto wanaielewa alama hiyo upesi sana. Baraza lenye grili nalo linafaa, hasa asubuhi.

Wenye chumba cha wageni, nawaomba tuzungumze kidogo. Chumba hicho kinakaa mwaka mzima kikimsubiri mgeni wa wiki mbili, huku watoto wanaokaa humo ndani siku zote wanaambiwa wasikanyage sebuleni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka kucheza na kupumzika kwenye orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Nilimwambia hivyo mume wangu, naye akaniuliza mama yake akija atalala wapi. Swali la haki kabisa. Tulitoa kitanda, tukabakiza godoro la sita kwa sita lililosimamishwa ukutani na kufungwa kwa mkanda kwenye kulabu mbili ili lisimwangukie mtoto. Mgeni akija, midoli inaingia kwenye begi la shangazi kaja na godoro linashuka. Mama mkwe alilala humo wiki 3 alipokuja kutibiwa, na kila asubuhi yeye ndiye alikuwa wa kwanza kukaa mkekani.

Angalia na jua. Chumba kinachotazama magharibi huanza kupigwa saa 8 mchana, na ukuta wa tofali za simenti hulihifadhi joto mpaka usiku. Kuanzia Desemba hadi Machi utajuta. Ukiwa na vyumba viwili vya kuchagua, chukua kinachotazama mashariki. Chumba chenye bati juu bila silingi bodi kitumie asubuhi tu, na ikifika saa 6 watoto wahamie barazani au chini ya mti.

Hatua ya 2: Toa vitu, kisha toa tena

Hapa usiharakishe. Chumba kilichokuwa stoo kina mambo yake: chupa ya soda yenye mafuta ya taa, sumu ya panya iliyosahaulika juu ya dirisha, kopo la rangi, dawa ya mbu. Chupa ya soda yenye mafuta ya taa ni hatari kuliko inavyoonekana kwa sababu mtoto anaijua ile chupa. Kwake ni soda. Vyote vitoke, viende mahali penye kufuli.

Vitu vidogo vina kipimo rahisi. Chukua lile bomba la katikati la karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3: kete, gololi, kifuniko cha maji, punje ya ubuyu, karanga, shanga. Nimelitundika bomba langu ukutani kwa uzi, na mtoto wangu mkubwa, mwenye miaka 6, ndiye mkaguzi. Akipewa zawadi yenye vipande vidogo anapima mwenyewe, na kisichofaulu kinakaa mezani kwake juu, mbali na mdogo wake.

Betri bapa, zile za duara kama kifungo, zinahitaji neno lake peke yake. Zipo kwenye rimoti, mizani, saa, vitabu vinavyoimba na viatu vya kuwaka taa. Mtoto akimeza betri hiyo ikakwama kwenye umio, inaweza kuanza kuunguza nyama ndani ya saa 2, wakati nje unaona tu anatoa mate au anakohoa kama mwenye mafua. Ukihisi ameimeza, nenda hospitali moja kwa moja. Usisubiri itoke chooni.

Kabati, shelfu na meza ya droo zifungwe ukutani kwa vipande vya chuma vya pembe na skrubu. Mtoto hufungua droo zote tatu akazifanya ngazi, na kabati linakuja naye. Kwenye ukuta wa tofali fundi atoboe kwa drili na kuweka zile plastiki za ndani ya tundu kwanza, vinginevyo skrubu italegea na utakuwa umejidanganya.

Soketi za pini tatu zenye vifuniko vya ndani ni afadhali, lakini ekstensheni iliyotandazwa sakafuni haina nafasi kwenye chumba hiki. Feni ya kusimama nayo itoke: mtoto ataivuta, au ataingiza kidole. Pangaboi ndilo linalofaa, mradi hakuna kitanda wala meza ndefu ya kupandia chini yake.

Dirisha: mapengo ya nondo yasizidi sentimita 10, na chini yake pasiwe na kitu cha kupandia, hata sanduku la midoli. Mnaokaa ghorofani kwenye madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, tafadhali shikeni hili: neti ya mbu haimzuii mtoto. Akiiegemea inatoka na fremu yake. Weka grili, au fundi akufungie kizuizi dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 10. Kamba za mapazia zifupishwe ziwe juu kabisa, zisije zikamzunguka mtoto shingoni.

Mlango una mambo mawili. La kwanza, ondoa komeo la ndani na ufunguo, maana mtoto hujifungia halafu hajui kufungua. Mwanangu wa pili alijifungia akiwa na miaka 2, na tulimtoa kwa kukata kitasa huku yeye analia ndani na mimi nalia nje. La pili, upepo. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, milango ya nyumba zetu inajibamiza yenyewe, na vidole vya mtoto viko kwenye bawaba. Tundika kanga iliyokunjwa juu ya mlango, nusu ndani nusu nje. Mlango hautafunga mpaka mwisho, na gharama yake ni sifuri.

Ndoo ya maji ya deki isiachwe chumbani hata dakika moja. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu, akiingia kichwa kwanza, na hatapiga kelele.

Hatua ya 3: Hewa na mbu

Umeme utakatika, kwa hiyo usikitegemee chumba kwa feni peke yake. Hewa ipite: dirisha na dirisha, au dirisha na mlango unaobaki wazi.

Wengi wetu tunafikiria mbu usiku, tunafunga chandarua kitandani tunaona tumemaliza. Mbu wa dengi anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama, saa zile zile watoto wanazocheza. Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2014 na ikarudi mwaka 2019. Mbu huyu hutaga kwenye maji yaliyotuama kwenye vitu vidogo: kifuu, tairi, kopo, sahani ya chini ya ua, gari la plastiki lililoachwa uani likanyeshewa. Kwa hiyo neti ya dirisha ya chumba cha michezo iwe nzima isiyo na tundu, na jioni midoli ya uani ipinduliwe chini juu. Ukitaka tairi la kuchezea au la kuwekea mchanga, toboa matundu kwa chini maji yapite.

Hatua ya 4: Sakafu yenyewe

Hapa ndipo ningependa uweke hela zako na akili zako.

Tailizi zinapoa vizuri na zinafutika, ila ni ngumu kwa kisogo cha mtoto anayejifunza kukaa, na zikilowa mkojo zinateleza kama sabuni. Simenti iliyosakafiwa vizuri haitelezi sana, lakini ikianza kumeguka inatoa vumbi kila siku. Vyote viwili vinataka kitu cha kufunika.

Kapeti la manyoya, lile linalopendeza sebuleni, usiliingize humu. Linashika vumbi, makombo na mkojo, na masika ikifika haliwezi kukauka. Mtoto mwenye pumu atakueleza kwa kifua chake. Kapeti la plastiki la kukatiwa kwa mita ni zuri kwa chini, linafutika kwa kitambaa kibichi, ila lina joto na kingo zake zikijikunja watoto wanajikwaa. Bandika kingo.

Sponji za vipande vya kuunganisha, zenye herufi na namba, zinapunguza kishindo kweli, na kwa mtoto anayeanza kusimama dede zina thamani yake. Tatizo lake halionekani. Niliziinua zangu baada ya miezi 3 nikakuta chini yake maji ya deki yamekaa, ukungu mweusi umetambaa kwenye kila kiungo, na mende wamejenga. Tangu hapo kila Jumamosi zinanyanyuliwa zote, zinaoshwa, zinaanikwa kivulini mpaka zikauke, na sakafu inabaki wazi saa nzima kabla hazijarudi. Halafu zile herufi ndogo zinazochomoka katikati, zitoe kabisa mpaka mtoto apite miaka 3. Wanazing'ata vipande vipande.

Mimi, nikiambiwa nichague kimoja, nachagua mkeka wa ukindu. Unapitisha hewa, haushiki joto, unakunjwa, unapigwa jua uani unakuwa mpya. Ukiununua, uguse kwa kiganja kufuata ukili na kwenda kinyume chake. Ukikuchoma, utamchoma na mtoto. Angalia pindo: lililofungwa kitambaa hudumu, lililoachwa wazi litaanza kufumuka na mtoto atazing'oa nyuzi moja moja mpaka uwe nusu mkeka. Kwa mtoto mchanga tandika kanga mbili juu yake, umlaze kifudifudi akiwa macho, nawe ulale mbele yake uso kwa uso. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri walau dakika 30 kwa siku za kulala hivyo kwa mtoto ambaye bado hajaanza kujongea mwenyewe, zikigawanywa kidogo kidogo. Mwanzoni atalia baada ya dakika 2. Mgeuze, mbembeleze, jaribu tena baadaye.

Kwa watoto wa mwaka 1 mpaka 4, mwongozo huo unataka angalau dakika 180 za kujongea kwa siku: kukimbia, kuruka, kuviringika, kubeba vitu. Saa 3 hizo hazipatikani kwenye chumba kilichojaa. Kwa hiyo nusu ya sakafu isiwe na kitu chochote cha kudumu. Kipimo changu ni hiki: lala chali katikati ya chumba, ubingirike mara mbili upande mmoja. Ukigonga kitu, kitu hicho kimezidi.

Hatua ya 5: Kuta

Sehemu hii ni fupi. Chini mpaka mita 1 paka rangi ya mafuta ya kufutika, juu rangi ya maji isiyokoza, na upande mmoja paka rangi nyeusi ya ubao, mtoto achore kwa chaki anavyotaka. Akipewa ukuta wake, kuta zingine zinapumua.

Kama rangi ya zamani inabanduka, usiikwangue ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Lowesha ukuta kwanza, watoto wawe kwa bibi yao siku hiyo, kusanya magamba yote, piga deki mara mbili. Rangi mpya nunua yenye maandishi kwenye kopo kwamba haina risasi, na chumba kikae wazi siku kadhaa mpaka harufu iishe.

Hatua ya 6: Kwa fundi seremala

Keko kuna mafundi wazuri, na hata mtaani kwako hakosekani mmoja. Nenda na mtoto. Mkalishe, pima kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. Huo ndio urefu wa kiti chake. Kwa mtoto wa miaka 3 au 4 huwa kama sentimita 26, na meza yake kama 46. Fundi atakwambia hiyo ni ndogo mno, atataka kukutengenezea ya kumfaa "hata akikua". Kataa kwa upole. Mtoto ambaye miguu inaning'inia hakai mezani zaidi ya dakika 5.

Rafu iwe fupi, sentimita 60 kwenda juu, kina 30, ngazi mbili, bila milango. Mtoto aone kila kitu na akifikie bila kuomba. Sanduku kubwa lenye mfuniko silipendi kabisa: mfuniko unabana vidole, na vya chini havionekani, kwa hiyo kila asubuhi sanduku zima linamwagwa.

Mbao za paina ni nyepesi na bei yake inavumilika. Waulize kama zimepigwa dawa ya mchwa. Zenye ukijani ukijani zimepigwa, hizo waachie wa paa, maana mtoto atang'ata ukingo. Sema unataka skrubu. Rafu yangu ya kwanza ilipigwa misumari mitupu, na baada ya miezi 2 ilikuwa inayumba kama mlevi nikaishusha. Kingo zipigwe msasa ziwe duara, kisha mwambie fundi asubiri: vuta mtandio laini taratibu juu ya mbao yote. Pale utakaponasa, msasa urudi.

Ukiwa pale, omba masalia. Vipande vya mbao vya kukatwa hutupwa au huuzwa kuni. Chagua 40 au 50 visivyopungua sentimita 5 kila upande, mpe fundi chochote avipige msasa. Usivipake rangi. Hivyo ndivyo vitu vilivyochezewa kuliko vyote nyumbani kwangu, na mpaka leo, mwaka wa nne, havijapoteza kipande zaidi ya vitatu.

Hatua ya 7: Sasa vitu vya kuchezea

Anza jikoni. Sufuria mbili za zamani, mwiko, ungo mdogo, vikombe vya plastiki, vifuu vya nazi vilivyosuguliwa. Watoto wa Pwani wamejipikilisha kwa vifuu tangu zamani, na sijaona seti ya plastiki inayovishinda: vinatoa sauti, vinateka maji, vinapangana, vikivunjika unaleta vingine. Ongeza kikapu cha nguo: kanga kuukuu, shati la baba, kofia, mkoba, simu mbovu iliyotolewa betri. Na maboksi makubwa, usiyatupe.

Ngoja niwasimulie kinachotokea na viti. Nilikuwa nimevipanga viti vyao viwili na ndoo mbili zilizopinduliwa nikipiga deki, sikuwaza lolote. Niliporudi kilikuwa ni daladala. Wa miaka 6 ameshika mfuniko wa sufuria, anakata kona. Wa miaka 4 amesimama kwenye "mlango" ambao haupo, mkono mmoja umeshika hewa juu, kwenye mkono mwingine amepachika vipande vya gazeti vilivyokunjwa kwa urefu, kimoja kimoja kati ya vidole, kama konda kabisa. "Sogea nyuma, nyuma kuna nafasi!" Mdogo wao amekaa kwenye ndoo, hajui kusema vizuri, lakini kila baada ya muda anapiga kelele, "Shusha!" na wenzake wanasimamisha gari. Mchezo ule uliendelea dakika 40. Konda alihesabu abiria, akarudisha chenji, akagombana, akasuluhisha. Sikununua kitu.

Unga wa kufinyanga tengeneza mwenyewe: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta ya kula, na maji ya uvuguvugu unayoongeza kidogo kidogo, kama kikombe 1, mpaka ukandike bila kunata. Kijiko cha bizari ya manjano kinautia rangi. Ukiufunika vizuri kwenye friji unakaa wiki nzima. Una chumvi nyingi, kwa hiyo mtu awepo. Mtoto asiule, na anayeweka kila kitu mdomoni bado hajafikia umri wake.

Ukifika Kariakoo, chukua kila mdoli ufanye hivi. Vuta macho, vifungo na magurudumu kwa nguvu; kitakachotoka mkononi mwako kitatoka mdomoni mwa mtoto. Kwaruza rangi kwa ukucha. Nusa, plastiki yenye harufu kali iache. Mfuniko wa betri uwe na skrubu. Sumaku ndogo zenye nguvu usinunue hata kwa mtoto mkubwa, maana akimeza mbili zinavutana ndani ya utumbo na kuubana. Maputo yaliyopasuka okota vipande vyote papo hapo, yanaziba koo. Mwambie muuzaji awashe mdoli unaoimba, usimame usikilize dakika nzima. Kama umechoka wewe dukani, fikiria nyumbani saa 12 asubuhi.

Kwenye mitumba ukibahatika utapata matofali ya plastiki ya kuunganisha na vitabu vya picha. Osha kwa sabuni, anika juani. Vitabu vya Kiswahili vitafute pia Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, kuna sehemu ya watoto. Nyumbani vitundike kwa kamba na vibanio vya nguo, jalada likitazama mbele. Mtoto asiyejua kusoma anachagua kwa picha.

Runinga isiingie humu. Shirika hilo hilo la afya linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asitazame kabisa, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi.

Kwenye rafu weka vitu 8 mpaka 10 tu. Vingine vyote viingie begini, juu ya kabati. Jumapili usiku, wakiwa wamelala, badilisha vinne. Asubuhi watavipokea kama vimetoka dukani jana.

Hatua ya 8: Kaa na dada

Kama una dada wa kazi, yeye ndiye mwenye chumba hiki kuanzia saa 2 asubuhi mpaka utakaporudi na foleni ya jioni. Mshirikishe kabla hujapiga msumari wa kwanza. Dada yetu ndiye aliyenionyesha kwamba rafu nilipoiweka inamzuia kuona kona moja akiwa jikoni. Aliihamisha mita 1 tu, akapaona pote.

Mfundishe, nawe ujifunze, la kufanya mtoto akipaliwa na akashindwa kukohoa wala kulia. Wa chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja, haijatoka, mgeuze umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole 2 mara 5, rudia. Aliyezidi mwaka: mwinamishe umpige mgongoni mara 5, kisha simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute ndani na juu mara 5, rudia huku mtu anatafuta usafiri wa hospitali. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Fanyeni mazoezi kwa mdoli, kweli kweli, siyo kwa maneno.

Chakula kiliwe nje ya chumba, mende na panya wakose sababu. Midoli ya plastiki ioshwe kila wiki, ile ya mdomoni kila siku. Mkeka Jumamosi juani.

Siku ya kwanza, waingize watoto kisha ukae kwenye pembe nusu saa bila kusema kitu. Usiwaelekeze. Angalia wanachokiruka, wanachokigombania, wanapojikwaa. Kinachogombaniwa tafuta cha pili. Kinachorukwa kirudi begini. Na kila mwezi piga magoti tena ukague, ila safari hii nyoosha na mkono juu, maana mtoto aliyekuwa anatambaa Januari, mwezi Machi anafika kwenye kingo ya dirisha.